Somo la Saratani: Chembe Zilizozuiwa Kupevuka

Wengi wetu tusikiapo neno saratani hufahamu kuwa ni nyama iliyokua ikapita kiasi. Maneno hayo ni kweli, lakini hayakutimia. Kukua peke yake si maradhi: jeraha halifungi ila kwa chembe za mwili kuzaana, na uboho wa mifupa huzaa chembe za damu usiku na mchana.

Ama chembe changa ina mambo mawili: kuzaana na kupevuka. Ikisha kupevuka hushika kazi yake makhsusi, kama chembe nyeupe za damu zipiganavyo na vijidudu. Na nyingi katika hizo hazizai tena, bali hutimiza muda wake zikafa. Basi kupevuka ndiko kunakotia mpaka katika kukua. Chembe ikizuiwa kupevuka hubaki katika uchanga wake, ikazaa changa mfano wake, hata zikachukua mahali pa zilizo nzima.

Mfano ulio wazi ni aina moja ya saratani ya damu, iitwayo lukemia ya promielositi. Ndani ya chembe, vipande vya kromosomu ya 15 na ya 17 hubadilishana mahali, na kwa hayo njia ya kupevuka hufungika. Mgonjwa hutokwa na damu fizini na puani, huvilia damu chini ya ngozi, na aweza kufa kwa siku chache.

Zamani tiba ilikuwa ni kuziua chembe hizo kwa dawa kali. Tabibu Wang Zhenyi wa Shanghai na wenzake wakashika njia nyingine: kuzipevusha. Walitumia asidi ya retinoiki, dawa ya ukoo wa vitamini A, na mwaka 1988 wakatangaza khabari za wagonjwa 24. Maradhi yaliwatulia 23 kwa dawa hiyo peke yake, na mmoja kwa kuongezewa nyingine. Baadaye ilionekana kuwa wengi hurudiwa wakitumia hiyo tu. Lakini siku hizi, ikitiwa pamoja na arseniki kwa kipimo cha matabibu, walio wengi hupona kabisa.

Wala mtu asidhani kuwa vitamini A ya dukani huponya saratani, ikizidi hudhuru. Lakini atokwaye na damu fizini na kuvilia mwilini pasi na sababu, asingoje kesho. Na aende hospitali akapimwe damu, kwani wengi wanaokufa kwa maradhi haya hufa mwanzoni, kabla dawa haijawahi kufanya kazi yake.