Matatu Ijae au Iondoke kwa Saa? Somo Kuhusu Usafiri wa Pamoja

Maoni mengi kuhusu usafiri katika kaunti yetu hutaka jambo moja: magari makubwa zaidi. Ni ombi la haki, ila halitibu kila ugonjwa. Somo la mwezi huu linahusu jinsi gari la abiria na huduma yake zinavyopangwa, na kwa nini mtu anaweza kukaa karibu saa nzima ndani ya gari ambalo halijasonga hata hatua moja.

Matatu, ambayo jina lake latokana na nauli ya zamani ya mapeni matatu, yaani senti 30, ilianza kama gari lililofanyiwa ukarabati. Iliruhusiwa rasmi kubeba abiria mwaka 1973 kwa agizo la Rais Jomo Kenyatta. Hata leo, nyingi za zile tuziitazo Nissan zililetwa nchini zikiwa gari za mizigo, zikatiwa viti na madirisha huku. Ndiyo sababu dari iko chini na njia ya kati ni nyembamba. Aliyeketi nyuma kabisa akitaka kushuka, watatu au wanne huinuka kwanza, na mzee mwenye maumivu ya goti hupanda akiwa ameinama. Sheria za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilipunguza abiria kutoka 18 hadi 14, zikaleta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na ule mstari wa manjano ubavuni. Usalama uliongezeka. Mlango lakini ukabaki ule ule wa gari la mizigo.

Mlango una maana kuliko rangi na muziki. Mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi huhitaji ngazi ya chini na kitu cha kushika. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu hubebwa mikononi kama gunia, au huachwa steji. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia usafiri wa umma, kwa hiyo si suala la makanga kuwa na huruma. Basi lenye sakafu ya chini ni jibu zuri, ila ni ghali. Chama cha matatu kinaweza kuanza na la bei nafuu: gari moja au mawili katika kila ruti yaongezewe ngazi na vishikio, nafasi ya kiti cha magurudumu iachwe, na saa za magari hayo zijulikane.

Sasa tuje kwenye kungoja, ambako ndiko wakaazi wengi hupoteza muda.

Gari zetu nyingi huondoka zikijaa. Tuseme katikati ya asubuhi, steji ya ruti ya ndani hupata abiria mmoja kila dakika mbili. Hii ni hesabu ya mfano tu. Katika matatu ya watu 14, wa kwanza kuketi atangoja dakika 26 mpaka wa kumi na nne afike. Kwa wastani, kila abiria hungoja dakika 13. Leta sasa lile basi la watu 33 tulilokuwa tukiliomba. Wa kwanza atangoja dakika 64, na wastani ni dakika 32. Basi zuri, viti vizuri, na mgonjwa amekosa foleni ya kliniki.

Geuza upande wa pili: Probox inayobeba wanne. Wa kwanza hungoja dakika sita tu. Hapo ndipo utaelewa kwa nini Probox zimeshinda katika barabara za ndani licha ya watu kubanwa humo kupita idadi inayoruhusiwa. Abiria si wajinga. Wananunua muda, na wakati mwingine wanaulipia kwa usalama wao. Kuzifukuza bila kuweka kitu kingine kinachoondoka upesi ni kuwarudisha watu kwenye bodaboda.

Alfajiri mambo hubadilika. Abiria akifika kila sekunde 15, basi la 33 hujaa kwa dakika nane, tena huchukua nafasi ndogo barabarani kuliko matatu zaidi ya mbili ambazo zingehitajika. Hivyo ukubwa wa gari ufuate saa na ruti. Ruti moja inaweza kuhitaji basi saa kumi na mbili asubuhi na Nissan saa nne.

Njia nyingine ni kuondoka kwa saa. Kwa mfano ule ule wa abiria mmoja kila dakika mbili, Nissan ikitoka kila dakika 20 itaondoka na watu 10. Hakuna atakayengoja zaidi ya dakika 20, na muhimu zaidi, mtu anaweza kutoka nyumbani akijua saa ya gari. Lakini viti vinne vitakuwa vitupu. Kama nauli ni shilingi 50, hizo ni shilingi 200 kila safari, ingawa baadhi zitarudi kwa abiria wa njiani. Nani azibebe?

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Dereva na makanga wengi wana hesabu ya siku ya kumpelekea mwenye gari, na kinachobaki ndicho chakula chao. Kuwaambia waondoke na viti vitupu ni kuwaambia walale njaa. Chama kikikusanya nauli katika mfuko mmoja, kikawalipa wahudumu mshahara na wenye magari kulingana na safari, hasara ya saa nne hufidiwa na faida ya saa kumi na mbili. Bila hilo, ratiba itabaki karatasi iliyobandikwa ukutani.

Neno fupi kwa wanaochangia mafuta katika gari la kibinafsi, kama walimu na wauguzi wanaofanya kazi mahali pamoja. Ni mpango mzuri. Someni tu karatasi ya bima kabla ya kuweka nauli maalum, kwani bima ya gari la kibinafsi inaweza kukataa kumlipa abiria aliyelipa.

Leseni za magari ya abiria hutolewa na NTSA, lakini Jedwali la Nne la Katiba limeweka usafiri wa umma wa barabarani, trafiki na maegesho katika majukumu ya kaunti. Steji iwe wapi na iwe na kivuli ni mambo ya kuamuliwa hapa nyumbani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kuliandikia bunge la kaunti ombi rasmi. Ombi lenye uzito halisemi tu "usafiri ni mbaya." Kaeni steji siku tatu, asubuhi, mchana na jioni. Andikeni saa ambayo abiria wa kwanza ameketi na saa ambayo gari limeondoka, idadi ya waliopanda, na ni nani aliyeachwa na kwa sababu gani. Tajeni ruti na tarehe, mtie sahihi, kisha mwasilishe kwa karani wa bunge.