Barabara, Breki na Mazoea ya Udereva: Tanzania na Ujerumani

Mtanzania afikaye Ujerumani huona mara moja kwamba magari huko hupita upande wa kulia, na kwamba sehemu nyingi za barabara kuu ziitwazo Autobahn hazina kikomo cha mwendo. Tangu 1974 madereva hushauriwa tu wasizidi kilometa 130 kwa saa. Mtu aweza kudhani, basi, kwamba mwendo si chanzo cha hatari. Dhana hiyo ni potofu, na fizikia ya shule ya sekondari yatosha kuisahihisha.

Gari halisimami papo hapo. Umbali wa kusimama una sehemu mbili. Ya kwanza ni mwendo wa gari tangu dereva aone hatari hadi akanyage breki, muda ukadiriwao kuwa sekunde 1. Ya pili ni umbali wa breki: kipeo cha pili cha kasi, katika mita kwa sekunde, hugawanywa kwa zao la 2, kiwango cha msuguano na mchapuko wa uvutano, yaani 9.8. Kasi ikiongezwa maradufu, umbali wa breki huwa mara nne.

Tuseme kiwango cha msuguano ni 0.7 katika lami kavu, na 0.35 katika changarawe iliyolegea. Matokeo ni haya:

Lami, kilometa 80 kwa saa: mita 58.
Lami, kilometa 100 kwa saa: mita 84.
Changarawe, kilometa 80 kwa saa: mita 94.

Basi dereva aendaye polepole zaidi ndiye ahitajiye nafasi kubwa zaidi. Kasi peke yake haielezi hatari. Sharti ipimwe pamoja na barabara.

Barabara zenyewe hutofautiana pia kwa watumiaji. Waenda kwa miguu na baiskeli hawaruhusiwi katika Autobahn, na magari yanayopishana hutengwa. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita katikati ya vijiji, na katika Hifadhi ya Mikumi hukatizwa na wanyamapori.

Mazoea nayo hufuata mazingira. Wajerumani hufundishwa kuacha, kati ya gari na gari, mita zilizo nusu ya tarakimu ya kipima mwendo: mita 50 kwa kilometa 100. Nchini Tanzania matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani humwarifu dereva kuwa mbele kuna gari lililoharibika. Kila desturi ina hekima yake mahali pake. Hatari huzaliwa pale mwendo wa lami unapopelekwa kwenye changarawe.

Mtoto akiingia ghafla katika barabara ya changarawe, mita 50 mbele ya gari, dereva aendaye kilometa 50 kwa saa atasimama baada ya mita 42. Aendaye kilometa 80 atamfikia mtoto huyo akiwa bado na mwendo wa karibu kilometa 63 kwa saa. Hapo breki njema na ustadi havitamfaa kitu. Uamuzi uliopaswa kumwokoa mtoto ulikuwa wa kupunguza mwendo kabla hajaonekana.

Zoezi
1. Thibitisha hesabu zote zilizotajwa hapo juu.
2. Kokotoa umbali wa kusimama kwa kilometa 80 kwa saa, ikiwa dereva amechoka na huchukua sekunde 2 kukanyaga breki.
3. Pima kwa hatua umbali ambao dereva huweza kuona katika kona iliyo karibu na shule. Je, mwendo upi wafaa hapo?