SOMO LA WIKI: Usukani wa kubadilisha – faida iko kwenye kitovu, hasara iko kwenye mfuko wa hewa

Biashara ya vipuri vya magari mjini Tanga imezoeleka kuwa ya pedi za breki, plagi, chujio za oili na bushi. Hata hivyo, liko tawi dogo linalokua pembeni yake, nalo ni la mapambo na vifaa vya magari ya michezo: rimu pana, viti vya kubana, mafla ya sauti nzito na, juu ya vyote, usukani mdogo wa ngozi wenye mikono mitatu. Somo la wiki hii linamhusu mfanyabiashara wa Makorora au mahali pengine pwani ya kaskazini anayefikiria kutia mtaji wake mdogo katika bidhaa hiyo.

Mahitaji yapo, na chanzo chake kinajulikana. Tangu milango ya uagizaji ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, magari ya mitumba kutoka Japani yamekuwa ndiyo magari ya Mtanzania wa kawaida. Miongoni mwake yamo yenye asili ya michezo, kama vile Toyota Altezza, iliyotengenezwa kati ya 1998 na 2005, na Subaru Impreza. Kijana anayenunua gari la aina hiyo hutaka lifanane na yale ya mashindano. Mvuto huo si mgeni katika Afrika Mashariki, kwani mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Majina makubwa ya bidhaa hii yanatoka Italia. MOMO ilianzishwa na Gianpiero Moretti, dereva wa mashindano, na ikapata sifa mwaka 1964 pale John Surtees alipotwaa ubingwa wa dunia akiwa na Ferrari iliyofungwa usukani wake. Wengine ni Nardi, Personal, Sparco na OMP. Sifa hiyo ndiyo inayouza, na ndiyo pia inayowavuta watengenezaji wa bandia.

Bidhaa moja, vipande viwili

Kosa la kwanza la mgeni katika biashara hii ni kudhani kwamba ananunua usukani peke yake. Usukani wa kubadilisha haukai moja kwa moja kwenye shafti ya gari. Unahitaji kipande cha kati, yaani kitovu. Upande mmoja wa kitovu una meno yanayoingiliana na meno ya shafti ya gari husika. Upande wa pili una matundu 6 ya kufungia usukani.

Usukani wenyewe unafaa karibu gari lolote, lakini kitovu ni cha gari fulani tu. Kitovu cha Nissan hakipaswi kulazimishwa kwenye Toyota hata kama kinaonekana kuingia. Aidha, matundu yenyewe yana vipimo viwili vikuu: MOMO, Sparco na OMP hutumia duara la milimita 70, ilhali Nardi na Personal hutumia milimita 74. Mfanyabiashara asiyejua tofauti hiyo ya milimita 4 hujikuta na mzigo usiooana, na fundi wake huanza kutoboa matundu mapya kwa drili. Kitovu kilichotobolewa hovyo hakifai kuuzwa.

Hesabu ya mtaji

Chukua mfano wa mfanyabiashara mwenye Sh. 2,000,000. Tarakimu hizi ni za kufundishia, si bei za soko. Ananunua sukani 10 kwa Sh. 100,000 kila moja na vitovu 10 kwa Sh. 50,000 kila kimoja, gharama zote hadi dukani zikiwa ndani. Ametumia Sh. 1,500,000. Anauza seti kwa Sh. 230,000 pamoja na kufunga, na kumlipa fundi Sh. 30,000. Kinachobaki mkononi kwa kila seti ni Sh. 200,000.

Kwa haraka haraka faida inaonekana kuwa Sh. 50,000 kwa seti, au Sh. 500,000 kwa mzigo mzima. Lakini itazamwe inavyoingia: seti 7 zikiuzwa, fedha iliyorudi ni Sh. 1,400,000, na mtaji haujatimia. Faida inaanza kwenye seti ya 8. Kwa maneno mengine, faida yote imo ndani ya seti mbili na nusu za mwisho. Endapo vitovu vitatu ni vya magari yasiyoonekana Tanga, faida yote imelala rafuni. Na mteja mmoja akirudisha seti iliyoharibika na kudai fedha yake, faida ya mzigo wote inashuka kutoka Sh. 500,000 hadi Sh. 270,000.

Dawa yake ni kugawa ununuzi. Sukani zinaweza kuwekwa akiba kwa sababu zinafaa magari mengi. Vitovu viwekwe vichache vya magari yanayopita dukani kila wiki, na vingine viagizwe baada ya mteja kuleta kadi ya gari na kulipa malipo ya awali yanayolingana na bei ya kitovu. Kwa utaratibu huo, anayebeba hatari ya kitovu adimu ni anayekihitaji.

Anayeagiza kutoka nje akumbuke kwamba forodha hukokotoa ushuru juu ya bei ya mzigo pamoja na bima na nauli, na kwamba VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya jumla hiyo ikiwa imeongezwa ushuru. Sukani za magari ziko katika kifungu 8708.94 cha orodha ya forodha. Wakala atajiwe namba hiyo kabla ya oda kutumwa, si mzigo ukiwa umeshafika bandarini.

Bandia

Usukani unaoandikwa jina kubwa lakini unauzwa kwa bei ya karanga una hatari mbili. Ya kwanza ni ya kisheria: Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na mzigo ukikamatwa mtaji umekwenda. Ya pili ni ya kiufundi: fremu ya ndani ikiwa dhaifu, usukani hupinda au kuvunjika dereva anapoukamata kwa nguvu. Muuzaji auchunguze usukani kwa nyuma: mishono iwe sawa, chuma kisiwe na nyufa, maandishi yawe yamechongwa wala si ya kubandikwa. Usukani usio na jina lakini ulio imara ni bidhaa halali. Wenye jina la uongo si halali hata ukiwa imara.

Mfuko wa hewa

Hapa ndipo penye uzito wa somo hili. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya karibuni yana mfuko wa hewa ndani ya usukani wake wa asili. Usukani wa kubadilisha hauna. Kuufunga ni kuondoa kinga ya uso na kifua cha dereva, na hakuna ngozi wala nembo inayofidia hilo. Mteja aelezwe wazi kabla ya kulipa, na akikubali atie sahihi kwenye stakabadhi. Vilevile aijulishe kampuni yake ya bima, kwa kuwa mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli wa hali ya gari.

Upo pia upande wa pili wa shilingi. Sukani za mitumba zinazokuja na mifuko yake si salama kwa sababu tu ni za asili. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyoomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2017, iliuza mamilioni ya mifuko ambayo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha hulipuka na kurusha vipande vya chuma. Watu zaidi ya 20 wamefariki Marekani peke yake. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Tanga mwaka mzima. Kwa hiyo usukani wa mtumba wenye mfuko wa hewa usinunuliwe bila namba ya chasisi ya gari ulikotoka, ili ikaguliwe kwa mtengenezaji kama uliitwa kurekebishwa. Mfuko uliotolewa kwenye gari la mteja arudishiwe mwenyewe, ukiwa umetazama juu. Usiuzwe kwa wa vyuma chakavu.

Kufunga

Fundi mzuri hufuata mpangilio huu:

1. Magurudumu yanyooshwe mbele, betri ifunguliwe, kisha asubiri kwa muda uliotajwa na mtengenezaji. Dakika 10 hazina hasara.
2. Mfuko wa hewa ufunguliwe bila kupigwa nyundo wala kupimwa kwa mita ya umeme.
3. Nati ya kati ilegezwe lakini iachwe kwenye nyuzi zake, ili usukani ukichomoka ghafla usimpige fundi usoni.
4. Alama iwekwe kwenye shafti kabla ya kutoa, na waya wa kujikunja ulio nyuma ya usukani uzuiwe usizunguke.
5. Kitovu kikae kwenye meno yote, nati ikazwe kwa spana ya kipimo, na waya wa honi uunganishwe.
6. Usukani uzungushwe mwisho hadi mwisho, kulia na kushoto, gari likiwa limesimama. Kisha lijaribiwe kwa mwendo mdogo.

Taa ya onyo la mfuko wa hewa ikiwaka baada ya kazi hiyo, inasema kweli. Kuizima kwa hila ili gari liuzwe kwa mtu mwingine ni kumwibia mnunuzi.

Mteja aelezwe pia kuhusu kipenyo. Kutoka milimita 380 kwenda 330, nguvu ya mkono inayohitajika huongezeka kwa takriban asilimia 15, na ukingo wa usukani mdogo unaweza kuziba mita ya mwendo. Kwa gari la barabarani milimita 350 ni chaguo la busara.

Njia ya mtaji mdogo

Kwa mwenye gari la mfuko wa hewa anayetaka sura ya michezo, ipo bidhaa nyingine: kushonea ngozi mpya usukani wake wa asili. Mafundi wa viti wanaijua kazi hiyo, mtaji wake ni ngozi, uzi na sindano, na mfuko unabaki mahali pake mradi kifuniko chake kisiguswe. Faida kwa kazi moja inaweza kuwa ndogo, lakini hakuna kitovu kinacholala rafuni.

Kwa ufupi, mfanyabiashara atakayedumu katika tawi hili ni yule anayeuza usukani kwa wenye magari yasiyo na mfuko wa hewa na ya mashindano, anayeagiza vitovu kwa malipo ya awali, na anayewapeleka wengine kwa fundi wa ngozi. Kila seti iandikwe: gari, kitovu, tarehe, jina la fundi na sahihi ya mteja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara ya usukani kinachoweza kupotea si mali peke yake.