SOMO LA WATOTO: KWA NINI DIWALI INAHAMA TAREHE?



Runzewe ni mji wa wageni. Dhahabu imeleta watu wa makabila na dini nyingi, na watoto wanauliza maswali. Mojawapo ni hili: "Mbona Diwali, sikukuu ya Wahindu wa Mwanza, inahama tarehe kila mwaka?" Huko nyuma tuliwajibu kwa mkato kuwa "wanajipangia tu". Jibu hilo halikuwa kweli, tena lilimfundisha mtoto kumdharau jirani. Tunawaomba walimu wa shule ya Jumapili watumie somo hili.

Vifaa: punje 365 za mahindi na visahani 12.

Hatua ya 1. Watoto wautazame mwezi wa angani kila jioni. Kutoka mwezi kuandama hadi kuandama tena ni kama siku 29 na nusu. Wahindu huugawa mwezi sehemu mbili: nusu ya mwanga, unapokua, na nusu ya giza, unapopungua. Diwali huangukia mwisho wa nusu ya giza, na nyumba huwashwa taa.

Hatua ya 2. Weka punje 29 kwenye kisahani cha kwanza, 30 cha pili, vivyo hivyo hadi cha 12. Zitabaki punje 11. Ndiyo sababu Diwali ya 2021 ilikuwa 4 Novemba, na ya 2022 ikawa 24 Oktoba: imerudi nyuma siku 11.

Hatua ya 3. Uliza: ikiendelea kurudi hivyo, si itafika kiangazi cha Julai? Kwa miaka mitatu zinabaki punje 33, zaidi ya mwezi mzima. Kwa hiyo Wahindu huongeza mwezi mmoja kila baada ya miezi 32 au 33 hivi. Waliongeza mwaka 2023, na Diwali ikawa 12 Novemba. Hivyo inabaki Oktoba au Novemba, majira ambayo kwetu tunasubiri mvua za kupandia.

Hatua ya 4. Linganisha. Waislamu hawaongezi mwezi, hivyo Ramadhani huzunguka mwaka mzima. Pasaka yetu nayo ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa 21 Machi au baada yake.

Mtoto akijua kwamba hata Pasaka husubiri mwezi, hatamcheka jirani. Kamati za sharika, somo hili halihitaji bajeti: kilo moja ya mahindi inatosha.