Kwa Nini Walioachiwa Huru Hurudia Uhalifu: Nafasi ya Urekebishaji na Tiba

Mfungwa amalizapo kifungo chake, jamii huona kwamba haki imetendeka na jambo limekwisha. Kwa mtazamo wa afya ya jamii, hapo ndipo kipindi cha hatari kinapoanza. Makala haya yanaeleza sababu za kurudia uhalifu na namna urekebishaji unavyoweza kuupunguza.

Ukubwa wa tatizo

Nchini Marekani, watafiti wa serikali waliwafuatilia wafungwa walioachiwa mwaka 2005 katika majimbo 30. Takriban asilimia 68 walikamatwa tena ndani ya miaka 3, na asilimia 77 ndani ya miaka 5. Izingatiwe kuwa kukamatwa si kutiwa hatiani, wala si kurudishwa gerezani. Kila kipimo hutoa tarakimu yake, hivyo nchi zinazotumia vipimo tofauti hazilinganishwi kirahisi.

Sababu

Sababu ya kwanza ni ya kimaisha. Anayetoka gerezani mara nyingi hana mtaji, hana makazi, na ndugu wengine wamekwisha kumkatia tamaa. Nchini Kenya, kwa mfano, waajiri wengi hudai cheti cha tabia njema kutoka polisi, na rekodi ya hatia huweza kumfungia mtu mlango wa ajira. Asiyepokelewa na watu wema hupokelewa na wenzake wa zamani.

Sababu ya pili ni maradhi yasiyotibiwa, hasa uraibu na magonjwa ya akili. Kifungo humtenga mraibu na dawa za kulevya, lakini kumtenga si kumtibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusu zaidi ya watu 30,000 walioachiwa katika jimbo la Washington, Marekani, ulibaini kwamba katika wiki 2 za mwanzo hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya wakazi wengine wanaolingana nao. Sababu kuu ilikuwa kuzidisha dawa za kulevya. Maelezo yake ni haya: baada ya miezi bila heroini, mwili hupoteza ule uzoefu wa kuihimili, ilhali tamaa ingalipo. Kipimo kilichokuwa cha kawaida zamani sasa huua. Na asiyekufa hurejea katika wizi ili apate fedha za dawa. Basi kifo na uhalifu huweza kuwa matawi ya mzizi mmoja.

Nafasi ya urekebishaji

Uchambuzi wa tafiti za Marekani uliotolewa na taasisi ya RAND mwaka 2013 ulionyesha kwamba wafungwa waliosoma gerezani walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kurudia uhalifu, kwa tofauti ya pointi 13 za asilimia. Ni kweli kwamba wanaojiandikisha masomoni huenda tayari wana ari ya kubadilika. Hata hivyo, ari isiyopewa nyenzo hufifia.

Elimu na ufundi havimtoshi mgonjwa. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka tiba ya virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na uraibu iendelee bila kukatika, na mustakabali wa mfungwa ufikiriwe tangu siku ya kwanza ya kifungo. Nchini Tanzania, kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011. Huduma ya namna hiyo hufaa zaidi iwapo mfungwa ameunganishwa nayo kabla ya kutoka.

Hitimisho

Mhudumu wa afya wa gerezani ampe anayeondoka barua ya rufaa, dawa za siku za mwanzo na jina la kliniki iliyo karibu na kwao. Familia ielezwe kwamba wiki 2 za kwanza ni za kumwangalia kwa karibu, si za kumsuta. Mfungwa aliyeandaliwa hivi hunusurika yeye mwenyewe, na huenda akamnusuru pia yule ambaye angekuwa mhanga wa kosa lake lijalo.