Kabla Kitoto cha Paka Hakijaingia Nyumbani



Ndugu zangu, likizo inapokaribia hakosekani mtu hapa hosteli wa kuniuliza kuhusu paka. Mmoja kaahidiwa kitoto cha paka na jirani, mwingine anataka kumpelekea mdogo wake zawadi. Swali huwa ni lile lile: paka ni najisi? Jibu lake ni jepesi. Zito ni lile lisiloulizwa: likizo ikiisha na wewe ukarudi chuoni, nani atamlisha? Katika somo hili tuyatazame yote mawili.

1. Hukumu ya paka

Kabsha binti Ka'b bin Malik alikuwa mke wa mtoto wa Swahaba Abu Qatada, Allah awaridhie. Siku moja alimmiminia mkwewe maji ya udhu. Paka akaja, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka akanywa. Alipoona Kabsha anashangaa, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Hadithi hii wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah.

Kwa hiyo mate ya paka ni twahara, ingawa Mahanafi wanaona ni karaha kutumia maji aliyoyabakisha ikiwa mengine yapo. Lakini tusichanganye mambo. Mkojo na kinyesi chake ni najisi, na msala ukiguswa navyo lazima uoshwe. Nywele zake zilizonyofoka, kwa sisi Mashafii, ni najisi lakini chache zinasamehewa. Na ukimwona ana damu ya panya mdomoni, kisha papo hapo akanywa kwenye birika lako, maji hayo yamwage.

2. Namna ya kumpata

Katika Sahihi Muslim, Jabir (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alikemea thamani ya paka. Wanazuoni wengi wameruhusu kumuuza na wameichukulia hadithi hiyo kuwa ni karaha, wengine wameharamisha. Njia ya kutoka katika hitilafu hiyo ni kupewa bure, na mitaani kwetu vitoto vya paka havikosekani. Usimchukue kabla hajatimiza wiki 8, kwani bado anamhitaji mama yake.

3. Idhini ya wenye nyumba

Nyumba ni ya wazazi wetu, si yetu. Kwetu Buyenzi, Bujumbura, ua mmoja unakaliwa na familia kadhaa, kwa hiyo jirani naye ana haki ya kuulizwa. Uliza kama kuna mwenye pumu au anayedhurika na manyoya. Uliza kama kuna mjamzito, kwa sababu kinyesi cha paka kinaweza kubeba kijidudu cha toksoplasma, ambacho humdhuru mtoto tumboni. Yeye asisafishe choo cha paka. Afanye mwingine, tena kila siku, maana kijidudu hicho huchukua siku 1 hadi 5 baada ya kutoka kabla hakijaweza kuambukiza.

Pia yupo bibi anayeamini paka mweusi ni nuksi. Usimcheke. Mweleze kwa upole kwamba Uislamu umekataza kuamini mikosi, na kwamba rangi ya mnyama haileti kheri wala shari.

4. Maandalizi yenyewe

Tenga kona moja tulivu, weka boksi lenye kitambaa cha zamani, na siku za mwanzo asizungushwe nyumba nzima. Choo chake kiwe beseni pana lenye mchanga, mbali na chakula chake na mbali na mahali pa kuswalia. Birika na ndoo za udhu zifunikwe.

Mlishe kidogo kidogo mara 3 au 4 kwa siku: dagaa waliochemshwa bila chumvi, au nyama iliyoiva. Awe na maji safi wakati wote. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi. Kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwake, na kidonge cha paracetamol kinaweza kumuua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apewe dawa ya minyoo, na akifikisha miezi 3 achanjwe kichaa cha mbwa, kwani paka naye huugua na kukiambukiza.

Watoto wafundishwe kumbeba kwa mikono miwili, kutomvuta mkia, kutomwamsha akilala, na kunawa mikono baada ya kucheza naye.

5. Amana

Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Mafakihi wamesema kumlisha mnyama uliyemfuga ni wajibu. Usipoweza, mpe anayeweza au mwache mahali atakapopata riziki.

Sisi wanafunzi tupo nyumbani miezi michache tu kwa mwaka. Ukimleta paka kisha ukaondoka, umemtwika mama yako wajibu ambao hakuuomba. Kwa hiyo, kabla ya kumchukua, mpate mtu wa nyumbani anayekubali kwa ridhaa yake, na ujue pesa ya dagaa na ya chanjo itatoka wapi. Ukikosa, muache kwa mama yake. Huko pia ni kumhurumia.

Mwisho, tusieneze maneno kwamba kumpenda paka ni sehemu ya imani. Wanazuoni wameitaja hadithi hiyo kuwa ya kuzuliwa. Zilizo sahihi zinatutosha.

Allah atujaalie huruma kwa viumbe vyake na atusaidie kutimiza amana. Wallahu a'lam.