SOMO LA 9: UMBALI NA WAKATI WA SAFARI YA NDEGE

Tazama ramani ya Tanzania. Mji wa Dar es Salaam uko katika pwani ya Bahari ya Hindi, na mji wa Mwanza uko upande wa kusini wa Ziwa Victoria. Chukua uzi, uunyoshe kutoka mji mmoja hadi mwingine, kisha upime kwa rula. Ikiwa sentimeta 1 katika ramani yako ni sawa na kilometa 50, utapata karibu sentimeta 17. Basi umbali kwa njia ya angani ni karibu kilometa 850. Barabara inayopita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga ina urefu wa karibu kilometa 1,150, kwa kuwa hupinda na kuzunguka.

Ili kujua wakati wa safari, tunagawa umbali kwa mwendo wa chombo:

Wakati = umbali ÷ mwendo

Tuseme ndege huenda kilometa 500 kwa saa wakati hewa imetulia.

850 ÷ 500 = saa 1.7, yaani saa 1 na dakika 42.

Je, hesabu hiyo yamtosha rubani? La, haimtoshi. Hewa ni nadra kutulia. Ndege ikirudi kutoka Mwanza inaweza kukutana na upepo unaovuma kutoka mbele. Mabaharia huuita upepo wa mbisho. Ikiwa upepo huo una mwendo wa kilometa 75 kwa saa, ndege itasogea juu ya nchi kilometa 425 tu kwa saa.

850 ÷ 425 = saa 2.

Umbali haukubadilika, lakini wakati umeongezeka kwa dakika 18.

Sasa fikiri juu ya mafuta. Injini huendelea kuunguza mafuta muda wote ndege iwapo angani. Tuseme ndege yetu hutumia lita 1,000 kwa saa. Rubani aliyetia lita 1,700 tu, kwa kufuata hesabu ya kwanza, atapungukiwa na lita 300. Mafuta yatamwishia akiwa bado na zaidi ya kilometa 120 kufika Dar es Salaam. Gari likiishiwa na mafuta husimama kando ya barabara, lakini ndege haina mahali pa kusimama angani. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, rubani hupata habari za upepo kutoka kwa wataalamu wa hali ya hewa. Tena, sheria za usafiri wa anga huagiza kila ndege ichukue mafuta ya akiba.

Mazoezi

1. Basi huenda kilometa 50 kwa saa bila kusimama. Litatumia saa ngapi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza?
2. Upepo wa kilometa 75 kwa saa ukivuma kutoka nyuma, ndege yetu itasogea kilometa ngapi kwa saa?
3. Eleza kwa nini rubani hawezi kukadiria mafuta kwa kujua umbali peke yake.